Mlima wa kwenye kalenda

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita. Yanachapishwa hapa kama yalivyosomwa.)



Kinyozi wangu ni mtu wa Ruvuma, na kama walivyo vinyozi wengi wa mji huu, ukutani kwake kuna kalenda ambayo hakuna anayeitazama kwa ajili ya tarehe. Mwezi ulioandikwa pale ulikwisha zamani, lakini karatasi haigeuzwi kwa sababu picha yake imempendeza mwenye duka. Ni picha ya nchi kavu, nyekundu kama tofali la kuchoma, na katikati yake imesimama milima mitatu isiyofanana na milima tunayoijua sisi. Haina vilele. Juu imekatwa kama meza, kuta zake zimesimama wima, na miwili kati yake ina kijimlima chembamba pembeni, mithili ya kidole gumba cha mtu aliyevaa soksi mkononi. Yeyote aliyepata kukaa kwenye mabenchi ya sinema enzi zile atakuwa ameiona. Ndiko wapanda farasi wa Kimarekani walikokuwa wakikimbizana na kurushiana risasi.

Jumamosi ya juma lililopita, nikiwa nimekwisha kufungwa shuka shingoni na sina pa kukimbilia, kinyozi akaniuliza: "Kaka mwandishi, hii milima imejengwa au imechongwa?"

Nikamjibu kwamba hakuna mtu aliyeijenga wala aliyeichonga. Akanyamaza kidogo, mashine ikiendelea kulia, kisha akanieleza sababu ya kuuliza. Ana mpwa wake Namtumbo, kijana aliyemaliza shule na hana kazi, ambaye amesikia kwamba huenda vibarua wakahitajika katika mradi wa madini ya urani kule Mto Mkuju. Mtu mmoja aliyepita kijijini aliwaambia vijana kwamba urani ya kwao imo ndani ya mawe ya mchanga, sawasawa na ile iliyochimbwa zamani huko kwenye jangwa la Marekani. "Sasa mimi nataka kujua," akasema kinyozi, na hapo akazima mashine kabisa, "mawe haya ya kwenye picha na yale ya kwetu ni ndugu?"

Nikaomba nipewe wiki moja. Mimi nilisomea uandishi wa habari, sikusomea miamba, na swali la namna hiyo halijibiwi kwa kubahatisha. Leo namjibu, na kwa kuwa nadhani si yeye peke yake mwenye mpwa, namjibu mbele yenu.

Tuanze na mahali penyewe. Milima ile iko katika bonde liitwalo Monument Valley, mpakani mwa majimbo ya Utah na Arizona. Bonde hilo ni sehemu ya uwanda wa juu ujulikanao kama Colorado Plateau, wenye kilomita za mraba zipatazo 337,000, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya Tanzania nzima. Ni nchi ya ukame. Mvua yake ya mwaka mzima pengine haifiki ile inayoweza kutunyeshea hapa Dar es Salaam katika mwezi wa Aprili peke yake. Na ni nchi yenye wenyewe: bonde limo ndani ya eneo la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, ambao kwa lugha yao hujiita Diné. Eneo lao ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Mwongozaji John Ford alipeleka kamera zake huko kutengeneza filamu ya Stagecoach, iliyotoka mwaka 1939, na tangu hapo dunia ikaamini kwamba magharibi yote ya Marekani ndivyo ilivyo. Wanavajo wenyewe walilipwa ujira waigize Waapache wanaopigwa risasi. Ndiyo malipo ya kwanza ya kigeni yaliyotokana na mawe yale. Ya pili tutayafikia.

Sasa mawe. Mtu asiyesomea miamba anahitaji kanuni moja tu ya kuanzia, na kanuni hiyo imebandikwa katika kuta za Kariakoo. Tazama ukuta wowote ambao watu wameugeuza mahali pa matangazo miaka nenda miaka rudi. Tangazo la dansi la juzi liko juu ya tangazo la taarabu la mwezi uliopita, nalo liko juu ya picha ya mgombea ubunge wa uchaguzi uliokwisha. Huhitaji kuona tarehe ili ujue lipi lilitangulia. La chini ndilo la zamani. Na mahali ambapo mtu alichana tangazo moja kabla ya kubandika jipya, unajua kwamba hapo kati palikuwa na kitu na sasa hakipo. Kanuni hiyo iliandikwa mwaka 1669 na Nicolaus Steno, Mdenmark aliyekuwa akiishi Florence huko Italia, na mpaka leo hakuna mtaalamu wa miamba anayefanya kazi bila hiyo.

Chini kabisa, pale mlima wa kalenda unapoanza kuinuka kwa mteremko uliotanuka kama sketi, kuna tabaka liitwalo Organ Rock. Ni jiwe laini, jekundu sana, lililotokana na matope na mchanga mwembamba ulioletwa na mito na kutandazwa kwenye tambarare. Juu ya sketi hiyo ndipo unaposimama ukuta wenyewe, jiwe la mchanga liitwalo De Chelly, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 280. Ukuta huo, ukiusogelea (mimi nimeusogelea vitabuni tu), umejaa mistari iliyolala kimshazari, rundo juu ya rundo, kila rundo likiinamia upande wake.

Mistari hiyo ni alama ya upepo. Waliofika Ngorongoro wameuona ule mchanga unaohama karibu na Olduvai, lile rundo jeusi la majivu ya volkano lenye umbo la mwezi mwandamo. Upepo huzipandisha chembe upande mmoja. Zikifika juu huporomoka upande wa pili, na kwa kufanya hivyo siku baada ya siku rundo zima hutambaa. Kila mporomoko huacha utando mwembamba ulioinama. Rundo likifunikwa na jingine, na hilo likafunikwa na jingine, tando zile hubaki mahali pake. Uzito wa juu huzigandamiza, maji yanayopenya huacha chokaa na chuma katikati ya chembe, chembe hushikana, na mwisho wake ni jiwe. Kwa hiyo ukuta ule ni jangwa lililoganda likiwa safarini. Wataalamu hupima mwinamo wa tando hizo na kukwambia upepo wa miaka milioni 280 iliyopita ulikuwa ukivuma kutoka upande gani, wakati sisi hata upepo wa kesho hutubabaisha. Na wekundu wake ni kutu tu, chuma kilichoingiwa na hewa, ile ile inayokula mabati ya nyumba zetu huku pwani.

Juu ya ukuta huo jangwa linakatika ghafla. Tabaka linalofuata, Moenkopi, ni jembamba, la rangi ya kahawia, na lina nyufa za matope yaliyokauka juani pamoja na alama za vijiwimbi kama zile tunazozikuta ufukweni Kunduchi maji yakipwa. Hiyo ilikuwa nchi ya matope iliyo karibu na bahari, na umri wake ni kiasi cha miaka milioni 245. Lakini hebu toa 245 katika 280. Miaka milioni 35 imekwenda wapi? Tangazo limechanwa. Kilichorundikwa katika muda huo, kama kilirundikwa, kilifagiliwa kabla matope ya Moenkopi hayajafika. Na ni ndani ya pengo hilo, miaka kama milioni 252 iliyopita, ambapo uhai wa dunia hii ulipata msiba mkubwa kuliko yote unaojulikana. Viumbe wengi mno wa baharini, na wengi wa nchi kavu, walitoweka wasirudi tena. Milima ile haina neno juu ya msiba huo. Aliyeisoma hiyo peke yake asingejua kwamba ulitokea. Ilibidi wataalamu wakasome miamba ya China na ya Afrika Kusini. Nawaombeni mlikumbuke pengo hilo, kwa sababu si mawe peke yake yanayoweza kunyamazia msiba.

Juu kabisa ya mlima, kama barakashia kichwani, kuna tabaka liitwalo Shinarump. Hili ni jiwe la mchanga wa chembe kubwa na kokoto, mzigo wa mito yenye nguvu iliyopita pale miaka ipatayo milioni 225 iliyopita. Wakati huo mabara yote yalikuwa yameshikamana kuwa nchi moja, na ardhi ile ya Utah na Arizona ilikuwa karibu na ikweta, mahali penye joto na miti. Mito hiyo ilichimba mifereji katika matope ya zamani, ikaijaza mchanga, na pamoja na mchanga ikafukia magogo, matawi na majani. Katika jimbo la Arizona, kwenye tabaka za enzi hiyo hiyo zilizo juu kidogo ya Shinarump, kuna mbuga nzima yenye magogo yaliyogeuka jiwe, mengine yakiwa na rangi nzuri kuliko kanga mpya.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Juu ya barakashia hiyo palirundikwa matabaka mengine mengi. Mojawapo ni jangwa jingine, kubwa kuliko lile la kwanza, linaloitwa Navajo kwa jina la wenyeji. Huko Zion, upande wa magharibi, ukuta wake una unene wa mita zaidi ya 600. Mwaka 2003 wataalamu William Dickinson na George Gehrels walichapisha matokeo ya kupima chembe ndogo za madini ya zirkoni zilizomo ndani ya mchanga wa majangwa hayo. Walikuta kwamba sehemu kubwa ilitoka milima ya Appalachian, upande wa pili wa bara, ikabebwa na mito kuvuka nchi nzima kabla ya upepo kuichukua. Baadaye bahari nayo iliingia ikaacha tope lake jeusi. Yote hayo yaliwahi kuifunika Monument Valley, na yote yameondoka.

Ni nani aliyeyaondoa? Wengi hujibu upepo, kwa kuwa ni jangwa. Upepo umesaidia, lakini fundi mkuu ni maji. Kuanzia miaka kama milioni 70 iliyopita uwanda ule ulianza kuinuliwa, na ardhi ikiinuliwa mito hupata nguvu ya kukata. Mvua za huko ni chache, lakini zikija huja kwa hasira, na hakuna majani ya kuzipunguza kasi. Wakati wa baridi maji yaliyoingia kwenye nyufa huganda, hutanuka, na kupasua jiwe usiku kama msasi anayepasua kuni. Lile tabaka laini la chini huliwa kwanza, ukuta hukosa pa kusimama, bamba zima huporomoka, na ndiyo maana ukuta hubaki wima. Mahali penye barakashia ngumu mlima ulisalia. Mahali palipokosa, umekwenda na maji. Ni kama zile nguzo za Isimila, Iringa, ambazo nazo ni mabaki ya kilichochukuliwa, ingawa nguzo zetu ni za juzi tu ukizilinganisha na hizo. Basi kinyozi, sehemu ya kwanza ya jibu lako ni kwamba imechongwa, na aliyechonga alifuata ugumu na ulaini wa kila tabaka.

Tuje kwenye urani. Madini haya husafiri kwa maji. Maji yenye hewa ndani yake, yakipita kwenye majivu ya volkano au kwenye mawe yenye urani kidogo kidogo, huiyeyusha na kuichukua bila mtu kuiona, kama yanavyochukua chumvi. Hutembea nayo chini ya ardhi, hasa ndani ya mchanga wenye nafasi. Yakikutana na kitu kilichooza, gogo lililofukiwa au lundo la majani, hewa ile huliwa, na urani haiwezi tena kukaa ndani ya maji. Hujitenga na kuganda pale pale. Kwa hiyo anayetafuta urani katika nchi ya namna ile hutafuta kwanza mto wa kale uliofukiwa, kisha hutafuta takataka za mto huo. Na tabaka lenye mito ya kale na takataka zake, katika milima ya kalenda, ni lile la juu kabisa. Barakashia iliyoulinda mlima usiliwe na mvua ndiyo hiyo hiyo iliyowaleta wachimbaji katika bonde lile.

Hapa lazima tupite Katanga kidogo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti, 1945 ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Kongo, nchi ambako wachimbaji huzungumza Kiswahili chao cha Katanga. Baada ya vita Wamarekani hawakutaka kutegemea mgodi ulio mbali namna ile. Kuanzia mwaka 1948 serikali yao, kupitia Tume ya Nishati ya Atomu, ikatangaza bei za uhakika kwa atakayeipatia urani kutoka ardhi ya nyumbani. Watu wakamiminika kwenye uwanda ule kwa magari, kwa punda na kwa miguu. Mmoja wao, Charles Steen, mwaka 1952 alipata utajiri karibu na mji wa Moab kwa kuchimba katika matabaka ya kundi hilo hilo la Shinarump.

Wanavajo hawakuhitaji kusafiri. Kazi iliwafuata mlangoni, na kwa watu waliokuwa wakiishi kwa kufuga kondoo, mshahara wa kila wiki ulikuwa jambo jipya na la maana. Waliingia kwenye mashimo, wakatoboa mwamba mkavu, wakalipua, na mara nyingi wakarudishwa ndani kabla vumbi halijatua. Walikunywa maji yaliyodondoka kutoka ukutani humo humo. Jioni walirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, na wake zao wakazifua pamoja na nguo za watoto.

Urani inapochakaa, nayo huchakaa taratibu siku zote, hutoa hatimaye gesi iitwayo radoni. Haina harufu wala rangi. Nje hupeperuka, ndani ya shimo lisilo na njia ya hewa hujikusanya, na anayeivuta hubaki na chembe zake mapafuni, zikitoa mionzi. Kinga yake ya kwanza si kitu cha ajabu. Ni feni ya kusukuma hewa. Na msije mkadhani kwamba jambo hilo lilikuwa bado halijajulikana. Mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani, Härting na Hesse, walikwisha kuandika kwamba wachimbaji wa Schneeberg walikuwa wakifa kwa uvimbe wa mapafu. Mwaka 1950 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilianza kuwachunguza wachimba urani wa uwanda ule, ikawapima damu na kuwapiga picha za vifua. Ilipata ruhusa ya kuingia machimboni kwa sharti kwamba isiwatishe wafanyakazi, na sharti hilo likazingatiwa. Wanaume wakavua mashati, wakapimwa, wakavaa mashati, wakarudi shimoni. Kiwango cha lazima cha radoni kilichowekwa na serikali kuu kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati kansa ya mapafu ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba ambazo wenyewe hawakuwa na desturi ya kuvuta sigara.

Kati ya mwaka 1944 na 1986 ardhi ya Wanavajo ilitolewa tani zinazokaribia milioni 30 za mawe ya urani. Yakaachwa machimbo zaidi ya 500 yasiyofukiwa vizuri. Mifusi ya mawe ilikuwa mizuri kwa kujengea, tena ya bure, basi watu wakajengea nyumba. Miaka mingi baadaye wakaja maofisa na vipimo, na baadhi ya nyumba zikabomolewa. Tarehe 16 Julai, 1979, huko Church Rock, jimbo la New Mexico, lilipasuka bwawa la maji machafu ya kiwanda cha kusafisha urani, na zaidi ya lita milioni 350 zikaingia katika mto Puerco ambamo wenyeji hunyweshea mifugo. Miezi michache tu kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa imeshughulishwa na ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island. Ya Church Rock ni wangapi kati yetu tuliisikia? Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma habari, nimeijua ukubwani, na kwa kuitafuta.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya fidia, na ndani yake mliandikwa maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya taifa. Mchimbaji aliyethibitishwa alistahili dola 100,000. Wajane walitakiwa kuonyesha vyeti vya ndoa, wakati walioana kwa mila na hakuna aliyewaandikia cheti. Ikabidi sheria irekebishwe mwaka 2000. Muda wake ulikwisha mwezi Juni 2024, watu wakiwa bado kwenye foleni, na ikarudishwa Julai 2025. Wanavajo wenyewe hawakungoja. Mwaka 2005 walipiga marufuku uchimbaji wa urani katika nchi yao.

Basi, kinyozi, mawe yenu ni ndugu? Si mara ya kwanza mawe ya kusini kwetu kufananishwa na ya huko. Mijusi mikubwa ya kale ya Tendaguru, Lindi, ambayo Wajerumani walianza kuichimba mwaka 1909 na kuisafirisha hadi Berlin, ina jamaa zake wa karibu katika tabaka jingine la magharibi ya Marekani liitwalo Morrison. Na miamba ya Mto Mkuju ni ya kundi liitwalo Karoo, lile lile lenye makaa ya mawe ya Ngaka. Nayo ni mchanga wa mito ya kale, nayo ina mabaki ya mimea, na enzi zake zinakaribiana na za Shinarump, wakati mabara bado yameshikamana. Urani iliingia humo kwa njia ile ile ya maji. Ningesema si ndugu wa tumbo moja, ila ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo.

Lakini watoto wa mama mkubwa na mama mdogo hawarithi maradhi yote sawasawa, na hapa nataka tuwe waangalifu tusimtishe kijana bure. Kule Marekani wengi waliumia ndani ya mashimo ya chini ya ardhi. Kwa Mkuju njia zilizozungumzwa ni mbili: shimo la wazi, na kuyeyusha madini huko huko yaliko na kuyavuta kwa mabomba. Katika shimo la wazi radoni hupata pa kwendea, ingawa vumbi hubaki vumbi. Katika njia ya mabomba hakuna anayeingia chini, lakini swali huhamia kwenye maji, kwa sababu kinachoyeyushwa kiko ndani ya mchanga unaopitisha maji, na mchanga haujui mpaka wa leseni. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa pori la Selous usogezwe ili eneo la mradi litoke nje, na Julai 2025 ukazinduliwa mtambo wa majaribio. Kwa hiyo hatuzungumzi habari za kale tu.

Jana jioni nilipita dukani kumsomea haya kabla ya kuwasomea ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Kisha akasogea ukutani, akapitisha kidole kwenye ule mstari mwembamba wa juu kabisa ya mlima, akasema, "Kumbe ni huu."

Akaniuliza mpwa wake aulize nini kabla ya kuweka sahihi. Nikamwambia aulize habari ya kile kipimo cha mionzi kinachovaliwa kifuani: ni nani anayekisoma, na je, mwenye kifua ataambiwa kilichosomwa? Aulize nguo za kazi zinafuliwa wapi. Aulize visima vya vijiji vya jirani vilipimwa lini mara ya mwisho kabla kazi haijaanza, maana maji yasiyopimwa leo hayatakuwa na cha kulinganishwa nacho kesho, na karatasi ya vipimo hivyo inakaa ofisi gani. Na akipigwa picha ya kifua, aiombe.

Kinyozi akatafuta karatasi asione. Akaibandua kalenda ukutani, akaigeuza, akaandika maswali yote nyuma ya picha ya milima, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni kwa ajili ya basi la Songea la asubuhi. Pale ukutani ilipokuwa imebandikwa kalenda palitokea picha ya mgombea ubunge wa mwaka 2010, bado anatabasamu, na mteja wa nusu kichwa akauliza kama alishinda.